Amplifaya ya Agnes

Mume wangu Danieli nilimpendea mikono. Wenzangu kule kwetu Mbinga waliuliza kwanza shamba la kahawa la mtu lina ukubwa gani, ndipo wakubali posa. Mimi nilimwona kijana akifungua redio ya paroko kwenye baraza ya misheni, kila skrubu akiilaza peke yake juu ya leso safi, nikasema moyoni kwamba mtu wa namna hii hawezi kunivunja. Na kweli hakunivunja. Alichofanya ni kunileta Mtwara, kwenye joto, mbu na watu wanaokula pweza, kwa sababu bandari ilitaka fundi wa redio. Tukapewa nyumba Shangani, vyumba viwili na ukumbi, sakafu ya saruji, umeme ndani. Nililalamika tangu asubuhi hadi jioni, na nilikuwa na furaha tangu asubuhi hadi jioni.

Agnes alizaliwa huko, na mtoto alikuwa na mdomo huyo! Kabla hajafikisha miaka minne alikuwa akiimba nyimbo za misa mpaka sehemu za besi, na aliwaigiza akina mama wa Kimakonde waliopita wakiuza ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka wao wenyewe wakatua vikapu chini na kucheka. Kisha akapata homa ya uti wa mgongo. Hospitali walipigana nayo, mtoto akapona, nami namshukuru daktari yule mpaka leo. Ila mtoto tuliyerudi naye nyumbani hakugeuka nilipomwita.

Nilidhani amenuna kwa ajili ya sindano. Nikamgombeza. Ni Danieli aliyechukua mfuniko wa sufuria akauangusha kwenye saruji nyuma ya mgongo wa mtoto. Mimi niliruka. Agnes aliendelea kumvua nguo mwanasesere wake wa matambara.

Daktari alitueleza kwamba sikio lenyewe ni zima, kilichoungua ni mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Alisema maneno mengi na kwa upole. Danieli alisikia neno moja tu, mshipa, na kwa fundi wa redio mshipa ni waya. Njiani tukirudi akaniambia kwamba waya mbovu bado hupitisha kitu, mradi usukumwe kwa nguvu ya kutosha. Sikujua lolote kuhusu waya. Nilijua tu kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali anatembea kichwa kikiwa juu, basi nikamwacha atembee hivyo.

Maneno ya Agnes yakaanza kudondoka. Hilo hakuna aliyetuonya. Tulidhani asiyesikia atabaki na maneno aliyokuwa nayo, kama mtu anavyobaki na nguo zake. Samaki akawa sama, kisha sa, kisha akawa anaonyesha tu kwa kidole. Nyimbo zilikwenda zote kwa mkupuo. Sauti yenyewe ikawa bapa, ikitokea kooni, na watoto wa jirani wakaanza kumcheka, nami nikaanza kugombana na mama zao kisimani na kwenye foleni ya sukari. Alipofika umri wa kwenda shule alikuwa na maneno machache tu yanayoeleweka na watu: baba, mama, maji, hapana. Mengine niliyaelewa mimi peke yangu.

Wakati huo ndipo alipokuja Bwana Mikaeli wa ofisi ya elimu, mtu mmoja mpole mwenye baiskeli isiyo na breki. Alisema kuna shule ya viziwi bara, mbali, ambako watoto hufundishwa kuzungumza kwa mikono na kusoma midomo ya watu. Mkoa wetu umepata nafasi ya mtoto mmoja. Mwalimu atawasindikiza watoto wa kusini kwa meli baada ya Pasaka. Kama hatutaki, nafasi ataipata mtoto mwingine, na nafasi nyingine Mungu ndiye ajuaye itatoka lini.

Nilitaka aende na sikutaka aende. Danieli hakutaka kabisa. Alisema mtoto akiwekwa kati ya watu wanaosema kwa mikono, mdomo utafunga na hautafunguka tena. Nikamuuliza kwani sasa uko wazi? Tuligombana ugomvi wa watu wanaopendana, ule mbaya zaidi, wa kunyimana salamu huku kila mmoja akimpakulia mwenzake mboga kwanza. Mwisho tukapatana. Kabla meli haijafika atatengeneza mashine ya kukuza sauti, amplifaya yake mwenyewe, yenye nguvu kuliko redio yoyote. Agnes akisikia, anabaki. Asiposikia, anakwenda, na Danieli mwenyewe atambebea sanduku mpaka kwenye ngazi ya meli. Aliponiambia hilo la sanduku alivuta sanduku lenyewe kutoka chini ya kitanda akalifuta vumbi, nikajua halisemi kwa kunifurahisha.

Miaka ile vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na maduka nayo yamekwisha. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi, majembe na muuzaji. Kupata sabuni lilikuwa jambo la kusimulia, sembuse vipuri vya redio. Valvu, zile taa za kioo zinazokaa ndani ya redio za zamani, Danieli alizipata. Alikuwa na redio mbovu zilizoachwa na wenyewe karakanani, akawa anazichomoa valvu moja moja, anazifuta, anazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kilichomshinda ni transfoma. Alitafuta mpaka Lindi. Akataka kusuka yake mwenyewe, lakini waya mwembamba wa shaba haukupatikana popote. Kila jioni alirudi kutoka bandarini, ananawa, anakaa mezani mbele ya valvu zake, hana la kufanya.

Nilimuuliza transfoma ni nini hasa. Akanieleza kwamba inafanya kazi mbili. Inapunguza umeme wa ukutani uwe wa kiasi ambacho valvu inaweza kula, na inasimama katikati kama ukuta wa nyumba, umeme wa mjini ukae upande wake na mtu akae upande wake. Nikasema basi kama haipo, acha. Akasema zipo redio za zamani zilizotengenezwa bila transfoma, kwa hiyo inawezekana, ila ni kazi ya kukaa macho.

Akaifanya. Valvu alizipanga mstari mmoja, moto wa moja ukipita kwenda kwa nyingine, ili zigawane umeme wa ukutani kama watu wa nyumba moja wanavyogawana ugali. Ule uliobaki, ambao ungeziunguza, aliipa balbu ya kawaida ya chumbani kwetu iumeze. Balbu ikakaa juu ya sanduku la mashine ikiwaka wekundu hafifu, na sisi chumbani tukalala kwa koroboi. Valvu moja ikifa zote zinazimika, akaniambia, kwa hiyo Agnes asikimbie karibu na meza. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, lile la kufungia majani ya chai. Hata mwisho wa safari ya sauti hakukuwa na transfoma. Spika za kawaida zisingekubali hivyo, lakini kwenye takataka za chumba cha redio cha meli moja iliyokatwa kuwa vyuma chakavu alipata hedifoni za zamani, nzito, zenye utepe wa chuma wa kupitisha kichwani na waya uliofumwa kwa uzi. Hizo zilifungwa waya mwembamba mno ndani, valvu ikaweza kuzisukuma moja kwa moja. Kati ya valvu na hedifoni aliweka kapasita ya kuzuia umeme na kuruhusu sauti, nayo kuukuu kama vitu vyote.

Hakuwa mzembe. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wa Shangani walisema mengi baadaye. Alipima kwa testa tundu lipi la ukutani lina moto na lipi halina, akaufunga uzi mwekundu ule waya wa mashine wa kuingia kwenye lenye moto ili usichomekwe vibaya. Aliliziba sanduku lote ili hata kidole cha mtoto kisipenye. Na yeye mwenyewe alifanya kazi kama alivyofundishwa ujanani: miguuni makatambuga, yale ya mpira wa tairi, na mkono wa kushoto mfukoni, ili umeme ukimgusa usipate njia ya kupita. Aliingia na makatambuga yale mpaka ukumbini, juu ya sakafu niliyotoka kuideki, nami nikapiga kelele, naye akasema, Mama Agnes, haya ndiyo yanayokufanya usiwe mjane.

Siku ya kujaribu ilikuwa Jumapili, tumetoka misani. Alivaa hedifoni mwenyewe kwanza, akawasha, akangoja valvu zipate moto. Akanionyesha ishara nisogee mbali na kipaza sauti na niseme polepole. Nikanong'ona kwamba ana tumbo sasa. Akacheka. Alisema anasikia hata mbu aliyeko dirishani. Kisha akamweka Agnes mbele ya meza, amesimama wima na gauni lake la kanisani, viatu ameshavivua mlangoni kama nilivyomzoeza. Akamvalisha hedifoni. Zilikuwa kubwa, utepe wa chuma ukamgusa nyuma ya masikio. Danieli akaenda nyuma yake, mtoto asimwone, akashika kipaza sauti, akasema, "Agnes."

Agnes alishtuka. Mabega yalipanda, macho yakafumba na kufumbuka, na akasema kwa sauti yake ile bapa, wazi kabisa:

"Baba."

Sijawahi kumwona mtu mzima akifanya alivyofanya mume wangu. Alimnyanyua mtoto akamrusha juu akamdaka, akamrusha tena, akatoka naye mpaka barabarani akiwa kwenye mabega yake. Akarudi, akajaribu tena, akisimama nyuma, akisimama pembeni, akikaa kimya kitambo kirefu kisha akisema ghafla. Kila aliposema, Agnes alishtuka. Alipokaa kimya, Agnes alitulia. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Nilitazama kwa macho yangu haya, na mimi si mwepesi wa kuamini. Niliketi chini sakafuni na kanga yangu usoni nikalia, na Agnes alikuwa anacheka kwa kuwa amerushwa juu.

Jumatatu Danieli alikwenda ofisi ya elimu kabla ya kwenda kazini. Bwana Mikaeli alimuuliza kama ana hakika, akamuuliza tena. Nafasi akapewa msichana mmoja kiziwi wa Newala. Meli ilipoondoka baada ya Pasaka tulikuwa ufukweni tunatembea jioni kama watu wote wa Shangani, na Danieli alimnyanyua Agnes ili aipungie mkono.

Masomo yalikuwa kila siku akitoka kazini. Agnes alikwisha kuzoea. Akimwona baba yake anafika alikimbia kuvua kandambili, akasimama mahali pake mbele ya meza, akainamisha kichwa avalishwe. Danieli alisema samaki. Agnes akashtuka, akasema baba. Danieli akasema maji, akimwonyesha maji kwenye kikombe. Agnes akashtuka, akasema baba. Kila alipojibu alinyanyuliwa juu, na kila aliponyanyuliwa alicheka. Danieli alisema ni mwanzo, masikio yamelala miaka, yataamka neno kwa neno. Akasema labda sauti bado ni ndogo, na akaiongeza.

Wiki zikapita, zikawa miezi, mvua za mwisho wa mwaka zikaingia na unyevu wake wa bahari unaokunja mpaka vitabu, na neno lilikuwa bado lile lile moja. Mimi nilianza kuona vitu nisivyotaka kuviona. Niliona kwamba Agnes hufumba macho kabla baba yake hajasema, balbu ile tu inapoanza kuwa nyekundu. Niliona anajikuna nyuma ya masikio. Nikamwambia Danieli hedifoni zinambana, akashona kitambaa, lakini chuma kikatokeza tena. Ukimwambia mtu kama yule kwamba una wasiwasi, unamwambia nini?

Aliyesema ni Bi Hadija. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Madimba, akija mjini kwa mwanawe na kapu la makopa ya muhogo na ming'oko, na tangu enzi za Agnes kumwigiza alikuwa hapiti bila kuingia kwetu. Siku moja alikuta somo linaendelea. Agnes alikuwa na kidonda mguuni, nimemkalisha kwenye kigoda, miguu yake inaning'inia. Danieli akasema na kusema kwenye kipaza sauti. Agnes akawa anatazama dirishani. Danieli akasema valvu imechoka, akazima, akaenda kuoga. Kesho yake Bi Hadija akapita tena, mtoto akasimama, na mashine ikafanya kazi.

Bi Hadija alilitafuna jambo hilo kama anavyotafuna ugoro wake. Tukiwa wawili jikoni akasema, "Mama Agnesi, huyu ntoto akikaa juu ya kigoda hasikii. Akisimama chini anasikia. Kwani masikio yake yako miguuni?"

Nilicheka. Alikuwa mtu wa mizaha. Akabeba kapu lake akaenda zake, nami nikaendelea kumenya mihogo, na mikono yangu ikasimama yenyewe.

Nilingoja asubuhi Danieli amekwenda bandarini. Nikadeki ukumbi kama siku zote, maji yakiwa bado yanang'aa juu ya saruji, mimi peku, kanga nimeifunga kiunoni. Nikauchomeka ule waya wenye uzi mwekundu mahali pake, na mwenzake mahali pake. Balbu ikawa nyekundu. Nikavaa hedifoni.

Ilikuwa kama mtoto anapoonja betri ya tochi kwa ulimi, ila nyuma ya masikio. Inawasha. Unaweza kuistahimili. Nikachukua kipaza sauti, nikasema jina lake, na ule muwasho ukanichoma. Nikasema tena kwa nguvu, ukanichoma kwa nguvu. Nilipokaa kimya ulipungua. Sauti ilikuwa imo, naam, niliisikia sauti yangu kubwa kama ya mtu wa kwenye mkutano wa hadhara, lakini ilikuwa inakuja na sindano. Nikapanda juu ya kigoda cha mbao, miguu ikaachana na sakafu. Sindano zikaisha. Ikabaki sauti peke yake. Ule ukuta aliousema Danieli haukuwepo, na umeme wa mjini ulikuwa unapita kwenye mwili wa mtu kwenda kwenye saruji.

Nikazima, nikakaa kwenye maji pale chini. Nilikumbuka Jumapili ile, mabega yalivyopanda, na neno alilosema. Mtoto akiumwa na siafu humwita nani? Alimwita baba yake aje amtoe. Na baba yake alikuja, akamtoa, akamrusha juu kwa furaha. Kumbe mtoto alijifunza somo, na alilijua barabara. Alijua kwamba ukisimama hapa ukakubali kuchomwa, baba anacheka, mama anacheka, unanyanyuliwa. Miezi yote ile alisimama.

Nilipoinua macho Agnes alikuwa mlangoni, ametoka kulala. Aliona hedifoni ziko kwenye mapaja yangu. Akavua kandambili zake, akaziweka pamoja ukutani, akaja kusimama mbele ya meza na kuinamisha kichwa.

Sikumwambia Danieli alipoingia tu. Nilimpa maji, nikamwacha anywe. Alikuwa na habari, amepata kapasita nyingine kutoka kwa baharia mmoja, nzuri, sasa sauti itakuwa safi. Aliiweka juu ya leso. Nikamwambia azivae zile hedifoni mwenyewe kwanza, nataka kuona jambo. Akasema amezivaa mara ngapi, hazina tatizo.

"Baba Agnes," nikasema, "vua makatambuga."

Akatazama sakafu. Nilikuwa nimeimwagia maji tena. Akaniuliza kama leo hii nimekosa kazi nyingine. Kisha akanitazama usoni, na alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa. Niliona rangi yake ikiondoka kuanzia kwenye midomo. Aliinama akavua moja, akavua jingine, polepole, akayaweka pembeni. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa chini, haijazoea saruji. Akavaa hedifoni. Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kuelekea mfukoni, akaurudisha.

Nikawasha. Tukangoja. Nikaenda nyuma yake alipokuwa akisimama yeye, nikasema, "Agnes."

Mabega yalipanda. Macho yakafumba na kufumbuka. Alisimama hivyo hivyo na pumzi zinamtoka puani.

"Sema tena," akasema.

Nikasema.

"Siyo hivyo. Sema kwa nguvu. Sema kama ninavyosema mimi."

Nikakataa. Akaniomba. Hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ile, hata siku ya posa. Nikasema kwa nguvu, samaki, maji, Agnes, maneno yote ya masomo yao moja baada ya jingine, na kila neno lilimpiga, na machozi yakawa yanamshuka mpaka kidevuni, na hakuinua mkono kuzivua hedifoni.

Nilikuwa nimemsahau mtoto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kidonda chake, akitutazama. Sijui aliona nini, au ninajua. Aliona baba yake amesimama mahali pake, amevaa vitu vyake, anashtuka kila mama anaposogeza midomo. Uso wake ulifunguka. Akapiga makofi. Nilimwona anashuka kwenye kigoda, peku, akimkimbilia, nikazing'oa zile waya ukutani kwa mkono wangu wenye maji, sikujali ule wenye uzi wala usio na uzi, na balbu ikafa kabla hajamfikia.

Akamkumbatia baba yake kiunoni. Kisha akakunja magoti, akajikaza, akajaribu kumwinua juu.

Danieli alishika kichwa cha mtoto kwa mikono yake yote miwili, hedifoni bado ziko masikioni, na akanitazama ili mimi nimwambie mtoto. Nimwambie kwamba baba hajafanya vizuri. Kwamba hakuna kitu cha kufurahia hapa, mwanangu, baba ameumia tu, kama ulivyokuwa ukiumia wewe, na hutasimama hapa tena. Lakini kumweleza mtoto mambo hayo kulitaka maneno ambayo sisi watatu hatukuwa nayo. Pengine yule msichana wa Newala alikuwa ameshayapata mikononi mwake.

Niliinama, nikatikisa kichwa mbele ya uso wake, hapana, hapana. Agnes alicheka, akapangusa mikono kwenye gauni, akajaribu tena kumwinua.